Mama Posta na Sanduku la Viberiti

Niseme mapema, nisije nikaonekana mnafiki mbele ya safari: Mama Posta nilimwonea wivu. Sio ule wivu mdogo wa kumsifia mtu khanga yake huku unaitamani. Wivu wenyewe, wa kuchungulia pazia kuona jirani anapika nini na nani yuko jikoni kwake. Miaka yote aliyokaa pale Ujiji, mlango wake ukitazamana na wangu, sikumbuki siku niliyomwangalia kwa jicho la salama. Na hakunikosea hata mara moja. Angenikosea ningepata nafuu.

Jina alilozaliwa nalo halikutumika mtaani kwetu. Alikuwa karani wa dirishani posta, kaletwa na serikali kutoka Upareni, na watu wakamwita Mama Posta ingawa hakuwa na mume wala mtoto. Mrefu, mkavu, nywele fupi, viatu vya kufunga kamba. Alitembea kama mtu anayesubiriwa. Hereni hakuvaa, wanja hakupaka, rangi ya kucha aliiita uchafu. Alikuwa Msabato, na Jumamosi hata moto hakuwasha. Alikula viporo vya Ijumaa kwa raha zake, akiwa amekaa kitini na gauni jeupe la kanisani.

Chai hakunywa. Hebu fikiria mtu anahamia Ujiji, nyumba zote zinamkaribisha kwa chai ya mkandaa na andazi, yeye anasema, "Asante, mimi naomba maji ya moto matupu." Mara ya kwanza aliponiambia hivyo nilidhani ananidharau. Nikampa maji. Akayanywa polepole, akashukuru, akaomba kitu kingine.

"Jirani, hilo pakiti la majani ya chai likiisha, usilitupe. Nipe mimi."

"Pakiti tupu? La nini?"

"Ndani lina karatasi ya dhahabu. Bado sijajua la nini."

Ndivyo alivyokuwa, hatupi kitu. Wapare wanataniwa kwa ubahili tangu zamani, na mimi sikumwonea haya. Nilimtania mbele ya watu kwamba hata maganda ya ndizi anayahesabia mafao. Alicheka na kuendelea kuokota. Vizibo vya soda, vifungo vya mashati yaliyochakaa, makopo, nyuzi za magunia alizozifungua na kuzikunja vizuri. Chini ya kitanda chake kulikuwa na maboksi, na kila boksi lina vya kwake. Akiingia kwako macho yake yalikwenda kwenye takataka kabla ya kwenye kochi.

Na sasa nimtaje Rosa, maana pasipo Rosa Mama Posta angekuwa jirani wa ajabu tu, na mimi ningekuwa mwanamke mwenye roho nzuri.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Mimi nilikuwa mjane, nauza dagaa, na mtoto Mungu hakunijalia. Kila asubuhi nilikwenda Kibirizi kununua mzigo, na asubuhi zile mitumbwi ilileta watu kuliko samaki. Walishuka kutoka upande wa Burundi, wengine wakipitia Kagunga, na magodoro, na mbuzi, na wazee waliobebwa mgongoni. Katika watu hao akashuka mtoto wa kike peke yake, meno ya mbele hana, amevaa sweta la mtu mzima. Waliokuja naye walisema mama yake hakuwahi kuufikia mtumbwi. Hawakusema zaidi, na uso wa yule aliyesema ulitosha. Mtoto alikuwa anatetemeka. Nikachuchumaa, nikamwambia neno la kwanza lililonijia mdomoni: "Usiogope. Mimi shangazi yako."

Laiti ningejua. Neno hilo liliganda. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamshonea, alipoumwa malaria nilikesha naye, na mimi nikabaki Shangazi. Nilijaribu kulibadilisha. "Unaweza kuniita mama," nilimwambia siku moja namsuka. Akanijibu kwa adabu, "Ego, Shangazi." Ndiyo, Shangazi! Nikaendelea kusuka.

Lakini yule wa ng'ambo ya barabara, aliyekuja na masanduku yake mawili kutoka kaskazini, ambaye hajawahi kumfuta mtoto kamasi, yeye aliitwa Mama Posta. Najua ni jina la mtaa. Najua hata walevi wa sokoni walimwita hivyo. Lakini kila Rosa alipolitamka, mimi nilisikia lile nusu la kwanza tu, na roho ikaniuma.

Kazini Mama Posta alikuwa mtu mwingine kabisa. Nilimwona dirishani siku moja nimepeleka barua ya shemeji yangu. Mzee mmoja heshima yake, mtu wa msikiti wetu, alimsihi amfungulie sanduku la shule atazame kama kuna barua yake, maana mwalimu mwenye ufunguo amesafiri. Siku zile sisi watu wa kawaida hatukuwa na sanduku letu. Barua zetu zilipitia masanduku ya shule, ya msikiti, ya misheni, na ukijuana na mwenye ufunguo umepona.

"Shikamoo, mzee," Mama Posta akasema. "Siwezi."

"Mwanangu, wewe si jirani yetu?"

"Ujirani wetu uko Ujiji, mzee wangu. Hapa kuna mwenye ufunguo na asiye na ufunguo."

Mzee akaondoka ananung'unika. Jioni ile ile nikamwona Mama Posta anapita na kapu la viazi, anakwenda kwa yule mzee kumwomba radhi. Ufunguo hakumpa, lakini viazi alimpa. Mimi watu wa namna hiyo wananichosha. Mtu uwe mkali basi, au uwe mwema, tujue tunakusalimiaje.

Rosa alimpenda kwa sababu ya ule mkusanyiko wa chini ya kitanda. Mtoto alikuwa haongei, anajibu ego na oya, ndiyo na hapana, basi, lakini kwa Mama Posta hakuhitajika kuongea. Alipewa kazi. Panga vizibo vyekundu huku, vya njano huku. Nyoosha hii karatasi kwa kijiko. Mimi nikimwita aje kula, anakuja mikono inanuka gundi.

Kisha likaja lile sanduku. Rosa alikuwa amepelekwa posta siku moja, akaona ule ukuta wa masanduku, vile vijilango vingi vya chuma vyenye namba, watu wanafungua kwa funguo zao na kutoa barua. Akarudi na maneno. Mtoto aliyekuwa haongei akaongea kutoka Kigoma mpaka Ujiji, Mama Posta aliniambia, kichwa chote kimejaa vijilango. Akataka vya kwake.

Siku hiyo Mama Posta akaanza kupiga hodi kwangu.

"Hodi, jirani. Viberiti vitupu unavyo?"

Nikampa. Kesho yake: "Lile kopo la mafuta ya msaada, umeshalimaliza?" Yalikuwa makopo makubwa ya bati yaliyotoka kambini, yakauzwa sokoni. Nikamimina mafuta kwenye chupa, nikampa kopo. Tena: pindo la khanga yangu iliyochanika. Tena: ile karatasi ya dhahabu ya pakiti za chai, ambayo hatimaye alijua ni ya nini. Tena: unga wa muhogo kiganja kimoja wa kupikia gundi. Nami natoa, natoa, kumbe najichimbia.

Walifanya kazi barazani kwake, nami nikiwa barazani kwangu nachambua dagaa, naona yote. Kopo alililaza, akalikata tundu la kutumbukizia barua kwa msumari na jiwe, kisha akakunja makali yote kwa ndani, akapitisha kidole, akapitisha tena, ndipo akamruhusu mtoto aguse. Vile viberiti alivipanga juu ya kopo safu kwa safu, akavigandisha kwa uji wa muhogo, kila kiberiti kikawa kisanduku cha kuvuta. Mbele ya kila kimoja kifungo cha shati kama kishikizo. Karatasi ya dhahabu ikazunguka kingo zote, pindo la khanga yangu likashonewa chini kama pazia, vizibo vya soda vikapigiliwa vikawa maua. Na rangi nyekundu ya kuandikia namba, mtanisadiki? Rangi ya kucha. Yeye mwenyewe aliyeiita uchafu alikwenda kuinunua dukani mchana kweupe, na muuza duka akatangaza mtaa mzima.

Lilipendeza, lazima niseme. Watu walikuja kulitazama. "Mama Posta ana mikono!" wakasema. "Kamtengenezea mtoto posta nzima!" Hakuna aliyesema kwamba kopo ni langu, viberiti vyangu, chai nimekunywa mimi, khanga ni ya harusi yangu. Lile sanduku lilitoka nyumbani kwangu kipande kwa kipande, likarudi nyumbani kwangu likiwa zawadi kutoka kwa mtu mwingine.

Kila kiberiti kilikuwa na mwenyewe. Rosa aligawa. Cha juu kabisa katikati, namba moja, Mama Posta. Changu kilikuwa safu ya chini karibu na pazia. Nikamuuliza, kwa sauti ya kujichekesha, mbona nimewekwa chini.

"Ili usisimame ukitoka sokoni umechoka," akasema. "Ukikaa kwenye kigoda unakifikia."

Jibu zuri, na hata hivyo nilitaka cha juu.

Zikapita siku kadhaa, chumba changu kikaanza kunuka. Nikadhani panya kafa darini. Sisimizi wakanielekeza: wanaingia kwenye tundu la sanduku na kutoka. Nikaliinamisha, wakaanguka dagaa, wamefungwa vizuri kwenye kijifuko cha jani la mgomba. Rosa alisimama mlangoni akanitazama kama nimefungua barua ya mtu. Alinieleza. Kila siku ananiona mimi nikifunga dagaa kwa watu wanaotumiwa kwa treni, Tabora, Dodoma, Dar es Salaam. Basi na yeye katuma, kwa mdogo wake Dezire aliyebaki ng'ambo. Alikuwa anangoja wafike.

Sasa hapo, mimi nilikuwa na jibu langu tayari. Ningemwambia wamefika, Dezire kala, kashukuru. Mtoto angefurahi na angefurahi kwangu. Lakini Mama Posta alikuwa ameshavuka barabara, kasikia harufu au kasikia sauti, sijui. Akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Rosa, hawakufika. Hili ni sanduku la kuchezea. Haliendi popote."

"Jirani!" nikamkemea.

"Haliendi," akarudia. "Lakini ile ofisi inayotafuta ndugu waliopotezana inafanya kazi ya kweli. Kesho nitakwenda kuuliza habari za Dezire. Wakisema hawajampata nitakwambia hawajampata. Wakimpata nitakwambia."

Nilidhani mtoto atamchukia. Na niseme ukweli, nilitamani. Rosa akaangalia dagaa walioharibika, kisha akaenda akamwegemea Mama Posta begani, pale pale, na mimi nimesimama na kopo langu mkononi.

Na kweli alikwenda. Kila wiki akitoka kazini alipitia ile ofisi, akarudi akasimama mlangoni kwangu na kusema, "Rosa, leo bado," na Rosa akasema, "Haya." Hakumpamba, hakumpunguzia. Dezire hakupatikana. Lakini mtoto alijifunza kungoja jibu la kweli kutoka kwa yule mwanamke, na vitamu vyangu vyote, sambusa, kalimati, utepe wa nywele, havikushinda ile "leo bado."

Mtu asiyedanganya kabisa, ndivyo mngemwona. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka ilipokuja ile asubuhi ya maofisa.

Walikuwa wanapita mtaani kuwakusanya wageni wasio na karatasi, wapelekwe kambini. Hatukuwa tumejiandaa. Rosa alikuwa nje anaosha vyombo, nami niko uani. Niliposikia sauti ya kiume ikiuliza, "Huyu mtoto wa nani?" nilitoka mbio, khanga moja begani moja mkononi. Mdomo ulifunguka. Nilitaka kusema ni wangu, na ulimi ukaniganda, maana mtaa mzima umejaa masikio na mtoto mwenyewe ananiita Shangazi.

Sauti ikatoka ng'ambo ya barabara, kavu, ya dirishani posta.

"Ni mwanangu."

Yule ofisa akageuka. Akaona gauni la kazi, viatu vya kamba, akasikia lafudhi ya kaskazini. "Wako, mama?"

"Nimekwambia mwanangu. Rosa, maliza vyombo, utachelewa shule."

Wakaenda. Kwa heri. Rosa aliendelea kuosha sufuria, na uso, wallahi, uso unang'aa. Nilimshukuru Mama Posta mbele za watu. Nilimpelekea kuku. Na usoni nilikuwa nacheka huku ndani naungua, kwa sababu neno lile nililokuwa nimelilea kifuani tangu Kibirizi, yeye kalisema kama mtu anayegonga muhuri, na limekubaliwa. Alichukua kuku, akasema nisingejisumbua, akaniomba yale manyoya.

Uhamisho wake ulikuja baadaye, Rosa akiwa karibu kumaliza shule ya msingi. Alikuja kwangu jioni, akanywa maji yake ya moto, akasema amefikiri, kwamba kule anakokwenda kuna shule nzuri ya bweni, na kama sitaona vibaya angemchukua mtoto.

"Nitaona vibaya," nikamwambia.

"Nilijua. Ilibidi niulize."

"Sasa umeuliza."

Hakubishana. Stesheni, treni ilipoondoka, Rosa alilia mpaka akatapika, na mimi nilimshika, nikijiambia kwamba nimeshinda. Akaanza kumwandikia kupitia sanduku la shule, karatasi mbele na nyuma. Mimi ambaye ninakaa naye nilipata "za asubuhi" na "nimekula". Basi ushindi wenyewe ulikuwa huo.

Mama Posta nilimwona tena miaka mingi baadaye. Rosa alikuwa ameolewa Kibirizi na fundi wa mashine za boti, kijana mpole, na akajifungua mtoto wa kike. Nilihamia kwake na beseni langu na majani yangu ya kuchemsha. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto ni kazi ya mama yake. Hakuna anayelijadili hilo huku kwetu. Ukiona mwanamke anamkanda mzazi, huulizi yeye ni nani. Nilikuwa nimeingoja kazi hiyo tangu Rosa hajaota meno ya mbele. Nilikuwa nimeshaweka maji jikoni, mvuke unapanda, ndipo mkwe wangu akaniambia, "Shangazi, Mama Posta yuko kwenye treni. Rosa alimwandikia."

Aliingia asubuhi. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini viatu vile vile vya kamba, na mfuko wa vitu alivyookota njiani. Tukasalimiana. Akamtazama mtoto, akatazama beseni, akanitazama mimi.

"Umeshaanza?"

"Naanza sasa."

"Mimi sijui kukanda," akasema. "Sikuwahi kufundishwa. Sikuwa na wa kumkanda."

"Basi kaa hapo mlangoni uone."

Nililisema kwa furaha mbaya, sifichi. Hatimaye kulikuwa na jambo ambalo yeye angekaa kando na mimi ningeonekana. Nikachovya taulo, nikalikamua, nikalibandika kwenye tumbo la Rosa na kukandamiza kwa viganja viwili kama nilivyofundishwa. Maji yalikuwa ya moto kweli. Rosa akauma khanga. Nikachovya tena, nikakandamiza. Mara ya tatu khanga ikamtoka mdomoni.

"Mama!"

"Abee!" nikaitika.

"Abee!" akaitika Mama Posta kutoka mlangoni. Sauti zetu ziligongana hewani, na tukatazamana, kila mmoja na mdomo wake wazi.

Rosa hakumtazama yeye wala hakunitazama mimi. Alikuwa amefumba macho, uso ameugeuzia upande wa ziwa. "Mama, ngwino," akasema. "Ngwino, mama." Njoo. Kirundi hatukuwa tumemsikia akikisema tangu utotoni, tulidhani kimeshamtoka. Sauti haikuwa ya mwanamke aliyezaa. Ilikuwa ya mtoto mdogo, na aliendelea kuita, na kuita, akinyamaza katikati kama anayempa mtu nafasi ya kujibu.

Mama Posta alikuja akapiga magoti upande wa pili wa mkeka. Akakunja mikono ya gauni, akachukua taulo la pili, akanitazama nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Tukamkanda wote wawili, yeye kulia, mimi kushoto, na hakuna aliyeitika tena. Nilikuwa bado naungua. Lakini wivu ulikuwa umemwacha Mama Posta palepale alipopiga magoti, ukavuka maji, ukaenda kwa mwanamke ambaye sura yake siijui, aliyeachwa ufukweni, na ambaye nafasi yake hatukuwahi kuikalia hata siku moja.